Sheria za mtandao tunazo, zinamfikia nani?

Tangu mtandao wa X ulipoacha kufunguka nchini Mei 2025, na zaidi tangu intaneti ilipozimwa siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, kuna kauli mbili zinazorudiwa sana hapa Dodoma, kuanzia vijiwe vya kahawa vya Majengo hadi kwenye korido za ofisi za Mtumba. Ya kwanza inasema hatimaye sheria imefika mtandaoni, na waliozoea kutukana na kuzusha wameonja. Ya pili inasema mtandao ni wa dunia nzima, hauna mwenyewe, sheria ya nchi moja haiwezi kuufikia, ndiyo maana serikali imeishia kuzima. Wanaotoa kauli hizi wanajiona wako pande mbili zinazopingana. Mimi naona wamekosea mahali pamoja, kwa sababu wote wanachukulia kwamba kuzima mtandao ni namna ya kuwawekea watu sheria. Sheria inayohusu mwenendo humtafuta mtu aliyetenda jambo fulani, humsomea shitaka, humpa nafasi ya kujibu, kisha humwadhibu yeye au humwachia. Kuzima mtandao hakumtafuti mtu yeyote. Hoja yangu ni kwamba Tanzania ina sheria za kutosha za kushughulikia mwenendo wa watu mtandaoni, tena nyingine ni kali kupita kiasi. Kinachokosekana ni uamuzi wa kuzielekeza kwa wanaowaumiza wananchi wa kawaida, na kila tunapochagua kuzima tunajipunguzia hata ule uwezo tuliokuwa nao.

Turudi nyuma kidogo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa na Bunge hapa Dodoma Aprili 2015 na ikaanza kutumika Septemba 1 mwaka huohuo. Kabla yake waendesha mashtaka walilazimika kuyabana makosa mapya ndani ya Kanuni ya Adhabu, sheria ya tangu 1945, iliyoandikwa wakati wizi ulikuwa ni kuchukua kitu kinachoshikika. Aliyeingia kwenye mfumo wa benki bila ruhusa hakuwa amevunja mlango wala kuruka ukuta, na ilikuwa kazi kubwa kueleza mahakamani amefanya kosa gani hasa. Kwa hiyo sheria hiyo ilihitajika, na wanaoipinga yote kwa jumla husahau hali ilivyokuwa kabla yake. Mwaka huo ikaja pia Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, ambayo kifungu chake cha 18 kinakubali ujumbe wa kielektroniki kuwa ushahidi mahakamani. Tayari kulikuwa na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na chini yake zikatungwa Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018, zikafuatiwa na nyingine mwaka 2020. Kisha Bunge likapitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Huo ni mlundikano mkubwa wa sheria kwa kipindi kifupi, na anayesema mtandaoni hakuna sheria hajaufungua hata ukurasa mmoja wake.

Shida ni kwamba tumeziita zote kwa jina moja, sheria ya mtandao, wakati zinafanya kazi tofauti kabisa. Zipo zinazohusu mtu na tendo lake, kama vile kuiba kwa njia ya simu, kujifanya mtu mwingine, kutishia, kusambaza picha za utupu. Zipo zinazohusu kibali cha kusema, kama zile kanuni za 2018 zilizomtaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 za maombi, shilingi milioni 1 za leseni na shilingi milioni 1 nyingine kila mwaka, kabla hajaandika hata neno moja. Na yapo mamlaka yanayotumika juu ya njia yenyewe, ya kufunga jukwaa au kuzima huduma nchi nzima. Katika makundi hayo ni la kwanza tu linaloanza na swali la nani amemtendea nani nini. Mengine mawili huanza na mlango, na mlango haujui aliyepita alikwenda kufanya nini.

Niwashughulikie kwanza wanaosema sheria haifiki, kwa kuwa hoja yao ndiyo dhaifu kuliko zote. Wanasema kompyuta za kampuni ziko Marekani, mtumiaji anaweza kuwa popote, jina lake la bandia, basi hakuna la kufanya. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kilishalijibu jambo hili. Mahakama zetu zina mamlaka pale kosa linapotendeka lote au sehemu yake ndani ya Tanzania, na pia linapotendwa na raia wa Tanzania. Mtu aliyekaa Area C hapa Dodoma akamtishia mwanamke wa Singida kwa ujumbe uliopitia kompyuta ya California bado ni mtu wa Area C, na mwanamke bado yuko Singida. Wote wawili wana miili, anwani na vitambulisho vya taifa. Ujumbe ndio uliosafiri, wao hawakwenda popote.

Tena hapa Dodoma tumeona sheria ikifika. Agosti 2024 ilisambaa video ya msichana akifanyiwa ukatili wa kingono na kundi la wanaume. Tukio lilifanyika Dar es Salaam, kesi ikasikilizwa katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Dodoma, na Septemba 30, 2024 washtakiwa wanne wakahukumiwa kifungo cha maisha. Ile video ilirekodiwa ili kumdhalilisha, na udhalilishaji huo usingetimia bila maelfu ya watu walioituma kwenye makundi ya WhatsApp, wengine wakiweka na alama ya kusikitika. Wengi wao wanaamini mkosaji ni aliyerekodi peke yake. Sheria haisemi hivyo. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinakataza kuchapisha au kusababisha kuchapishwa kwa picha za ngono, na kuchapisha kwa maana ya sheria hii kunajumuisha kusambaza na kutuma. Adhabu yake inaanzia faini ya shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka saba. Kwa maneno mengine, waliotuma video ile kwa uchungu na waliotuma kwa kejeli walikuwa wote ndani ya mikono ya sheria bila kujua. Sheria ilikuwepo. Haikuwa imefundishwa kwa mtu yeyote.

Utapeli wa simu ndio mfano unaoniuma zaidi. Hakuna Mtanzania mwenye simu, hata kitochi, ambaye hajawahi kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Jirani yangu wa Nkuhungu, mama anayeuza nyanya na vitunguu sokoni, alikuwa akingoja kutumiwa namba na mwenye nyumba wake siku ileile. Ujumbe ukaingia, akatuma kodi ya miezi mitatu, na jioni mwenye nyumba akampigia kuuliza mbona kimya. Alikwenda kituoni akapewa RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa polisi. Akaambiwa aende kampuni ya simu. Kampuni ikamwambia taarifa za mwenye laini haitolewi kwa mteja, alete barua ya polisi. Polisi wakamwambia mpelelezi yuko nje ya kituo, arudi Jumatatu. Kila aliyemwambia hivyo alikuwa sahihi kwa utaratibu wake. Wakati anahangaika, pesa ilikuwa imeshatolewa kwa wakala ndani ya dakika chache.

Sasa tutazame kesi kama hiyo kwa macho ya mtu wa sheria. Mipaka haipo, kwa kuwa aliyeibiwa yuko Tanzania, mwizi yuko Tanzania, pesa ni shilingi, na kampuni ya simu ina leseni ya Tanzania. Laini zote ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa Januari 20, 2020, kwa hiyo namba iliyotumika ina jina na kidole nyuma yake. Wakala aliyetoa pesa naye amesajiliwa. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinaupa udanganyifu wa namna hii faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka saba. Kifungu cha 32 kinampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kuagiza taarifa zinazohitajika kwa upelelezi zitolewe. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ina namba 15040 ya kuripoti namba za matapeli, na taarifa zake za robo mwaka huonyesha mkoa kwa mkoa majaribio ya utapeli yanatoka wapi, Rukwa na Morogoro zikitajwa mara kwa mara kuwa juu. Dola inajua mpaka eneo ujumbe unakotoka. Hakuna kosa la jadi, liwe wizi wa mbuzi au uvunjaji wa duka, ambalo serikali hulijua kwa kiasi hiki kabla hata mpelelezi hajatoka ofisini.

Wapo watakaojibu kwamba laini huwa zimesajiliwa kwa majina ya watu wasiohusika, na wako sahihi. Mzee wa kijijini anawekwa kidole mara mbili na msajili wa barabarani, anapewa laini moja, ya pili inakwenda kuuzwa. Ndiyo maana wananchi wanahimizwa kupiga *106# waone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao. Lakini hoja hiyo inaonyesha upelelezi uanzie wapi. Aliyemsajili yule mzee ni wakala mwenye utambulisho wake, na usajili wake umeandikwa siku na saa. Ukimfuata huyo unafika kwa anayenunua laini, na ukifika kwa anayenunua umefika kwenye genge. Ni kazi ya miguu na subira, na anayedai ni shilingi laki chache za muuza nyanya, mtu ambaye hana wa kumpigia simu ili faili lake litoke chini ya mengine. Naamini hapo ndipo sheria yetu inapokatikia, na kuongeza vifungu hakutaisaidia.

Mikopo ya mtandaoni inaonyesha jambo lilelile kwa sura nyingine. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila leseni. Waliowahi kukopa huko wanajua utaratibu wake. Unapopakua programu unairuhusu isome orodha ya majina kwenye simu yako, na ukichelewa siku chache meseji zinaanza kwenda kwa mchungaji wako, mwalimu wa mtoto wako, shemeji yako, bosi wako, zikisema wewe ni tapeli na umemtaja kama mdhamini. Kausha damu ya zamani, ile mikopo ya riba kubwa, ilikuja mlangoni ikachukua godoro na redio. Hii ya sasa inachukua jina. Nimeongea na vijana wa vyuo hapa Dodoma walioacha kwenda ibada kwa aibu ya deni la shilingi elfu sitini.

Hilo nalo lina sheria, tena zaidi ya moja. Kuchukua majina na namba za watu wasiokopa na kuyatumia kuwatisha ni matumizi ya taarifa binafsi kinyume cha sheria ya 2022, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024, kwa ajili ya malalamiko ya aina hiyo. Kumtumia mtu ujumbe wa kumlazimisha, kumtisha au kumsababishia msongo ni unyanyasaji wa mtandaoni chini ya kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao, wenye faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu. Kutangaza orodha ya programu kulikuwa jambo jema, lakini programu ikifungwa leo inarudi kesho kwa jina jipya. Anayetuma zile meseji ni kijana mwenye laini ya Tanzania, anayelipwa mshahara na mtu mwenye akaunti ya benki Tanzania. Huyo hawezi kubadilika kuwa mtu mwingine kwa kubadili nembo. Akishitakiwa mmoja hadharani, majina yote ya programu yatapungua nguvu kwa siku moja kuliko orodha tatu za Benki Kuu.

Watanzania husema sheria ni msumeno, unakata mbele na nyuma. Kipimo cha haki cha sheria za mtandao ni hicho tu, na tukizipima tunakuta zimekuwa zikikata zaidi upande mmoja. Chukua kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao, kinachohusu taarifa za uongo. Kwa haki yake, hakimuadhibu mtu kwa kukosea tu. Kinadai awe anajua taarifa ni ya uongo, ya udanganyifu, ya kupotosha au isiyo sahihi, na awe na nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kuupotosha umma. Lakini maneno hayo ni mapana mno, na nia ya kupotosha inaweza kusomwa katika karibu sentensi yoyote ambayo kiongozi hakuipenda. Baya zaidi ni jinsi adhabu ilivyoandikwa: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Tukumbuke sheria huwekwa ukomo wa juu ili hakimu ashuke kulingana na mazingira ya kosa. Hapa umewekwa ukomo wa chini, na hakimu mwenye huruma amefungwa mikono. Kijana wa Mpwapwa aliyeandika upuuzi usiku kwenye kundi la watu 40, na genge lililotengeneza tangazo bandia la benki, wanaanzia ngazi ileile. Juni 2016 mahakama jijini Arusha ilimhukumu mtu mmoja kulipa shilingi milioni 7 au kwenda jela miaka mitatu kwa kumtukana Rais kwenye Facebook. Sitetei matusi. Nauliza tu ni mwenye nyanya yupi amewahi kuona nguvu hiyo ya dola ikitumika kwa ajili yake.

Kuna kasoro nyingine ambayo sijaona ikijadiliwa vya kutosha. Juni 2023 Bunge liliirekebisha Sheria ya Huduma za Habari na kuiondoa kashfa kwenye orodha ya makosa ya jinai, baada ya miaka ya malalamiko ya wanahabari na baada ya Mahakama ya Afrika Mashariki, Machi 2019, kuona vifungu kadhaa vya sheria hiyo vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya. Ilikuwa hatua nzuri. Lakini kifungu cha 16 kilibaki, na nia ya kukashifu bado imo ndani yake. Kwa hiyo maneno yaleyale yakichapwa gazetini, aliyekashifiwa anafungua kesi ya madai; yakiandikwa kwenye simu, polisi wanaweza kuja alfajiri. Tumempa mwandishi mwenye mhariri na wakili nafuu ambayo hatukumpa mwananchi asiye na hata mmoja wao. Kama sheria inahusu mwenendo, mwenendo ni uleule, na Ibara ya 18 ya Katiba, inayotoa haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari bila ya kujali mipaka ya nchi, haikuwatenga wenye simu.

Nije sasa kwenye kuzima. Wanaoutetea uamuzi huo wana hoja zinazostahili kusikilizwa. Kuhusu X, wanakumbusha kwamba Mei 2025 akaunti ya Jeshi la Polisi ilidukuliwa, zikachapishwa taarifa za uongo na picha chafu kwa jina la dola, na kwamba kampuni hiyo tangu 2024 imeruhusu rasmi maudhui ya ngono ambayo sheria zetu zinayakataza. Jerry Silaa, aliyekuwa Waziri wa Mawasiliano wakati huo, alilisema hilo waziwazi alipoeleza kwa nini mtandao huo haupatikani. Kuhusu uchaguzi, wanasema katika saa za vurugu mahakama ni ya polepole mno, na uongo mmoja unaweza kupeleka watu barabarani kabla hakimu hajavaa joho. Hoja ya kasi naikubali. Kuna wakati dola lazima itende kwa haraka, na asiyelikubali hilo hajawahi kufikiria kuwa kiongozi wa wilaya siku ya moto.

Lakini tuangalie kilichozimwa na kilichobaki. Aliyeidukua akaunti ya polisi alitenda kosa la kuingia kwenye mfumo bila idhini, kosa lenye kifungu chake. Kuufunga X hakukumkamata. Waliofungiwa ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma aliyekuwa akifuatilia watafiti wa fani yake, mfanyabiashara aliyekuwa akitangaza zabibu zake, na taasisi za serikali zenyewe zilizokuwa zikitoa matangazo yake huko. Picha za ngono hazikupungua nchini, maana zinapatikana kwenye njia nyingine mia. Na walioamua kuendelea walipakua VPN, programu za kuficha mahali mtu anapotumia mtandao, ambazo TCRA iliagiza Oktoba 2023 watumiaji wake wajisajili. Matokeo yake ni kwamba mtu wa kawaida, asiye na kosa, amejikuta akitenda jambo lenye utata kisheria ili asome habari, huku tapeli na mtishaji wakifichwa na msitu uleule wa anwani za bandia. Mpelelezi aliyekuwa na uwezo wa kufuata nyayo sasa anazikuta zimetokea Uholanzi na Kanada. Ndiyo maana nasema kuzima kunaidhoofisha sheria ya mwenendo, wala hakuisaidii.

Siku za Oktoba 29 na kuendelea zilikuwa na uzito mkubwa zaidi. Watu walipoteza maisha. Wazazi wa Kondoa na Manyoni walikaa siku kadhaa bila kujua watoto wao walioko vyuoni na kazini wako salama. Uvumi, ambao ndio sababu iliyotolewa mara nyingi ya kudhibiti mitandao, ulipata uwanja mpana zaidi kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuuthibitisha wala pa kuukanusha. Huduma iliporudi, Jeshi la Polisi lilionya watu wasisambaze picha na video za kuzua taharuki. Naelewa onyo hilo lililenga nini, kwa maana kuona mwili wa ndugu yako kwenye simu ya mtu usiyemjua ni ukatili. Lakini video hiyohiyo kwa mama anayetafuta mwanawe ni taarifa, na kwa tume ya uchunguzi aliyoiunda Rais chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ni ushahidi. Sheria makini ya mwenendo inaweza kutofautisha anayeirusha kwa kukejeli marehemu na anayeihifadhi ili ukweli ujulikane, kwa kuwa inauliza nia. Onyo la jumla haliwezi. Linawafanya wote wafute, na kilichofutwa hakirudi.

Hata hivyo siwaungi mkono wenzangu wanaosema mtandao uachwe wenyewe, watu watajirekebisha. Hao huzungumza kama watu ambao hawajawahi kutumiwa picha zao za faragha na mchumba waliyeachana naye, akidai pesa ama azirushe kwenye kundi la ukoo. Pasipo sheria, uhuru wa mtandaoni huwa mali ya mwenye sauti kubwa, wafuasi wengi na asiye na aibu. Mwanamke anayetukanwa kila anapoandika huishia kunyamaza, na ukimya wake hauhesabiwi na mtu yeyote kuwa ni kuvunjwa kwa uhuru wa maoni, ingawa ndivyo ulivyo. Nataka dola iingie mtandaoni, iingie kwa miguu, ikifuata mtu mmoja mmoja kwa ushahidi.

Ushahidi nao una kanuni zake. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki kinaitaka mahakama, inapopima uzito wa ujumbe, itazame jinsi ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na jinsi mtumaji alivyotambuliwa. Skrinishoti iliyokatwa, iliyopita kwenye simu tano kabla ya kufika kwa mpelelezi, ni rahisi kuipinga. Anayetishiwa au kutapeliwa asiufute ujumbe hata kama unamkera, ahifadhi simu yenyewe, aandike siku na saa. Elimu hii ingetakiwa itolewe kila kata, kwenye mikutano ya kijiji na kwenye madarasa ya sekondari, kwa bidii ileile iliyotumika kutuhimiza tukasajili laini kwa vidole.

Mambo ya kufanya yako ndani ya uwezo wa Bunge linalokutana mwendo mfupi kutoka Nyerere Square. Kwenye kifungu cha 16, neno "isiyopungua" libadilishwe kuwa "isiyozidi", na nia ya kukashifu iondolewe ili mwenye simu awe sawa na mwenye gazeti. Kampuni za simu ziwekewe muda maalumu, wa saa na wala si wa wiki, wa kushikilia pesa iliyoripotiwa kuibwa na kumjibu mpelelezi, kisha mwenye RB awe na haki ya kujua faili lake limefika wapi. Agizo lolote la kufunga jukwaa au kuzima huduma liwe la maandishi, lenye kifungu cha sheria, eneo, muda wa mwisho na jina la aliyesaini, na liweze kupelekwa mbele ya jaji ndani ya siku mbili. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloizuia serikali kutenda haraka. Yanaizuia tu kutenda bila jina.

Na kabla ya muswada wowote mpya wa mtandao haujasomwa, ningeomba mbunge mmoja, wa chama chochote, amtake waziri alete takwimu za miaka mitano: malalamiko mangapi ya utapeli wa simu yalipokelewa, mangapi yalifika mahakamani, shilingi ngapi zilirudishwa kwa walioibiwa, na kwa kipindi hichohicho ni watu wangapi walishitakiwa kwa kifungu cha 16 na walikuwa wamemsema nani. Majibu yaingie kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge. Na waziri akiwa bado amesimama, aulizwe pia ni agizo gani, la kifungu kipi, lililosainiwa na nani, lililozima intaneti Oktoba 29.